Kamera Haifi Kabla ya Siku Yake

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asimtazame jirani yake kwa jicho la kujua. Ilikuwa nchi njema sana. Ilikuwa na bahari upande mmoja, joto pande zote, umeme uliokuja ukipenda na kuondoka bila kuaga, na serikali iliyowapenda raia wake kiasi cha kutotaka wapotee machoni hata kidogo.

Kwa mapenzi hayo, serikali ilitundika kamera. Ilizitundika njia panda, sokoni, hospitalini, kwenye visima, na makaburini pia, kwa sababu, kama alivyoeleza waziri mmoja, wapo watu wanaojifanya wamekufa. Siku ya uzinduzi, Msimamizi Mkuu wa Macho ya Taifa, Mheshimiwa Sudi Lukindo, alisoma hotuba ya saa tatu na nusu. Watu wawili walizirai kwa jua na mmoja, kwa mujibu wa gazeti, alizirai kwa furaha.

"Kamera ya Taifa itaishi miaka kumi!" alisema Mheshimiwa Lukindo, akinyoosha vidole vyote ili wasiojua kusoma wahesabu. "Si tisa na miezi kumi na moja. Kumi! Na atakayesema vinginevyo, huyo ana jambo lake na macho yetu."

Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Bunge likapitisha Sheria ya Umri wa Kamera asubuhi iliyofuata, kabla ya chai. Nazo kamera, kwa kuwa hazikusoma sheria hiyo, zikaanza kufa mwezi wa nane tangu zitundikwe.

*

Sasa tuwe wakweli: serikali ingefanyaje? Kamera ilikuwa imeahidiwa miaka kumi. Ikifa kwa miezi minane, basi haikufa, imeuawa. Na ikiwa imeuawa, muuaji yupo. Na muuaji ni nani kama si yule aliyekuwa mbele yake ilipokata roho? Ndipo ukazaliwa ule utaratibu ambao wenyeji waliuzoea kama walivyozoea mbu. Kamera ikizima, maofisa walirudisha picha nyuma, wakamtafuta aliyeonekana mwisho, wakaenda kumchukua. Aliitwa Mtu wa Mwisho. Alichukuliwa kwa upole, kwa mahojiano mafupi. Ufupi wenyewe haukuwahi kujulikana ni wa siku ngapi, maana hakuna aliyerudi kuusimulia.

Wakati mmoja Mtu wa Mwisho alikuwa mbuzi. Walimhoji siku nne. Alikana kila kitu, na katika taarifa wakaandika kwamba mtuhumiwa ni sugu.

Raia nao si wajinga. Walijifunza kuijua kamera inayoumwa kwa kuitazama tu. Taa yake ndogo nyekundu ikianza kupepesa, mtaa mzima ulihama upande wa pili. Wauza nyanya walibeba meza. Arusi moja iligeuka na ngoma zake, bwana arusi akapitishwa uani kwa watu asiowajua. Saa nyingine ungekuta barabara nzima haina mtu, maduka wazi, redio zinaimba peke yake, na kamera moja juu ya mlingoti inapepesa jicho lake kutafuta wa kumaliza naye.

Walioumia zaidi walikuwa mafundi. Fundi hupanda kutengeneza kamera mbovu, kwa hiyo kamera ikimfia mkononi sura ya mwisho ni yake. Nchi ilianza na mafundi kumi na wawili. Baada ya mwaka alibaki mmoja, mwanamke wa miaka thelathini na tisa aitwaye Zamda Mkwizu, na alibaki kwa sababu alikuwa na desturi moja tu: hakupanda mlingoti kwa mbele hata siku moja. Alipanda kwa nyuma, akapapasa kwa vidole kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro, akafungua, akafunga, akashuka. Kwa miezi kumi na sita hakuna kamera iliyomwona Zamda usoni.

*

Zamda alijua kwa nini kamera zinakufa. Hilo halikuwa fumbo hata kidogo. Hewa ya chumvi ilikula skrubu. Mpira wa kuzuia maji, uliotakiwa kuzunguka kioo, ulikauka kwa jua ukapasuka, unyevu ukaingia, kioo kikafanya ukungu kwa ndani. Viungo vya waya vilivyotakiwa kufungwa kwenye visanduku vilikuwa vimeviringishwa utepe wa kawaida, ule wa kufungia maboksi. Sisimizi walipenda joto la ndani wakahamia na mayai yao. Na umeme, kila ulipokatika na kurudi, ulirudi kwa kishindo ukapiga visanduku vya kuzilisha kamera umeme mpaka vikavimba. Hakuna kiumbe ambacho kingeishi miaka kumi katika hali hiyo, achilia mbali kifaa kilichonunuliwa kwa pupa.

Lakini fomu ya kila wiki ilikuwa na nafasi mbili tu za kutia alama: NZIMA na IMEUAWA. Hapakuwa na mahali pa kuandika inaumwa. Zamda aliwahi kuandika pembeni, kwa penseli, "ina ukungu kidogo." Fomu ilirudishwa ikiwa na mhuri mwekundu na swali: Ukungu huo unafanya kazi kwa niaba ya nani? Tangu hapo akawa anatia alama kwenye NZIMA, akameza mate, akaendelea.

Wiki tatu mfululizo alitia NZIMA kwa kamera namba 417, njia panda ya Karakana, ingawa kila asubuhi kwenye chumba cha kutazamia aliiona picha yake ikififia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Hilo ndilo kosa lake, naye alilijua kuwa ni kosa. Maana kila asubuhi saa moja na robo, chini ya kamera hiyo hiyo, alipita mdogo wake Hamdani, mshona mazulia, na kila alipopita alisimama, akainua mkono, akatabasamu. Alikuwa akimwamkia dada yake. Hakuwa na njia nyingine, maana wafanyakazi wa Macho hawakuruhusiwa kupokea simu.

"Hiyo 417 ni nzima?" Hamdani alimuuliza siku moja wakila. "Watu wa pale wameanza kuikwepa."

"Nimeiandika nzima," alisema Zamda.

"Basi kama umeiandika wewe, mimi sina wasiwasi."

Zamda alitaka kumwambia apite njia nyingine. Lakini kusema hivyo ni kukiri kwamba alitia alama ya uongo, na kukiri mbele ya ndugu ni kumpa ndugu siri ya kumwua. Ndivyo alivyojiambia. Kweli yenyewe ni kwamba aliipenda ile salamu. Ilikuwa kitu pekee kizuri alichokiona kwenye vile vioo vya kutazamia kutwa nzima.

Jumatatu saa moja na robo Hamdani akasimama, akainua mkono, na picha ikaganda pale pale. Kisha kioo kikawa cheusi. Zamda akabaki ameketi mbele ya weusi ule, na nyuma yake akasikia kalamu ya ofisa wa zamu ikianza kuandika.

*

Siku tisa Zamda alisimama getini. Ndugu wa Watu wa Mwisho walikusanyika kwenye geti la Makao Makuu kila Alhamisi saa nne kuuliza habari za watu wao, lakini yeye alikwenda kila siku. Alhamisi moja iliyoangukia katika siku hizo aliwaona wote: watu arobaini hivi, wengi wanawake, wamepanga foleni iliyonyooka kuliko foleni ya benki. Walimpa nafasi bila maneno. Bi. Saumu, mama mnene aliyekuwa akimtafuta mumewe kwa miezi saba, alimmegea andazi.

"Kula, mwanangu. Hapa hupewi jibu, unapewa miguu kuuma tu."

"Sasa mnakuja kufanya nini?"

"Wasije wakadhani tumesahau," alisema Bi. Saumu, akapangusa vidole kwenye kanga. "Wakidhani tumesahau, ndiyo basi."

Siku ya kumi Zamda aliitwa ndani. Hawakumwita kama ndugu, walimwita kama fundi. Sheria, ambayo ilipenda mambo yaende sawa, ilitaka kila kamera iliyokufa iwe na Cheti cha Kifo kilichosainiwa na fundi. Sababu ya kifo ilikwisha kuchapwa kabisa ili fundi asichoke: MKONO WA MTU. Zamda akisaini, Hamdani angepelekwa Nyumba ya Mapumziko, kule ambako hata barua haziendi. Asiposaini, cheti hakikamiliki, na Hamdani anabaki kwenye seli ya mahojiano. Na kwa kuwa nchi haikubakiwa na fundi mwingine, hapakuwa na wa kusaini badala yake.

Zamda akapiga moyo konde. "Sisaini," alisema. "Naomba kwanza niifungue kamera mbele ya Tume."

*

Tume ilikaa saa nane mchana katika ukumbi wenye mazulia mekundu. Mheshimiwa Lukindo aliketi katikati, kiti chake kimeinuliwa kwa matofali mawili. Kushoto kwake alikaa katibu wake, Bi. Rehani Pazi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyeandika kila kitu na kutazama kila mtu mara moja tu. Hamdani aliletwa amefungwa pingu. Alikuwa amekonda. Alimwona dada yake, akaanza kuinua mikono, askari akaishusha.

"Mtuhumiwa alinyoosha mkono kuelekea jicho la Taifa," alisema Mheshimiwa Lukindo. "Jicho likapofuka papo hapo. Nimewauliza wataalamu watatu wa mambo ya mikono, wote wamesema hiyo haikuwa salamu ya kawaida."

"Nilikuwa namwamkia dada," alisema Hamdani.

"Kumbe kuna genge!"

Zamda aliiweka 417 mezani, akafungua skrubu zilizobaki, akaipindua. Maji yakamwagika juu ya kitambaa cha meza, machafu, na sisimizi wakatoka wakikimbia na mayai yao kuelekea kwenye makabrasha ya wajumbe. Wajumbe wakainua miguu.

"Mheshimiwa, maji yaliingia hapa, mpira umepasuka. Hapa kutu. Hiki kisanduku cha umeme kimevimba, kimepigwa mara nyingi. Hii haikuuawa na mtu. Ingekufa siku ile hata kama njia panda nzima ingekuwa tupu."

Mheshimiwa Lukindo aliinama, akavaa miwani, akayatazama maji.

"Maji haya yaliingia kwa kibali cha nani?"

"Maji hayaombi kibali, Mheshimiwa."

"Ndiyo tatizo la nchi hii!" Akageukia wajumbe. "Na hawa sisimizi? Ni wa hapa, au wamevuka mpaka? Katibu, andika: wachunguzwe." Kisha akamgeukia Zamda, na sauti yake ikashuka, na ilipokuwa ya chini ilitisha zaidi. "Mama, unachosema ni kwamba kamera ya Taifa yaweza kufa yenyewe. Yaani kwamba nilisimama mbele ya wananchi nikasema uongo kwa vidole kumi. Nionyeshe basi. Nionyeshe kamera inayokufa yenyewe, mimi nikiwa naitazama. Ukishindwa, cheti nitakisaini mimi, na jina lako nitaliongeza chini ya jina la huyu."

Zamda akatazama ukutani. Kamera ya ukumbi ule, namba 12, ilikuwa juu ya mlango, na aliijua kama mama anavyomjua mtoto mgonjwa. Mwezi mzima kisanduku chake kilikuwa kikiunguruma. Na kila siku saa tisa alasiri umeme wa mtaa ule ulikatika, jenereta la Makao Makuu likawaka, na umeme wake ulikuja kwa rungu. Saa ya ukutani ilisema saa tisa kasoro dakika nne.

"Ile pale," alisema. "Iunganishwe na kioo hiki cha kutazamia hapa mezani ili Tume ione. Na mtu asi..."

Alitaka kusema, na mtu asisimame mbele yake. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Akamwona Hamdani na viganja vyake vilivyochubuka, akayameza.

Mheshimiwa Lukindo alikuwa amekwisha kuinuka. Alikuwa mtu asiyeweza kuona kamera asiisimamie mbele. Akaenda hadi mlangoni, akarekebisha tai, askari akachomeka waya, na sura yake ikajaa kioo kizima pale mezani.

"Wananchi," aliiambia kamera, "huyu ndiye mtumishi mwaminifu wa Taifa. Mtazameni! Anawaona. Amewaona tangu jana na atawaona mpaka miaka kumi itimie, na hakuna maji, hakuna sisimizi, hakuna kutu itakayo..."

Taa zikazima. Nje jenereta likakohoa, likaunguruma, na taa zikarudi zikiwa kali kuliko mwanzo. Juu ya mlango kitu kikalia tap. Kwenye kioo Mheshimiwa Lukindo aliganda mdomo wazi, jino moja la dhahabu linang'aa. Kisha kioo kikawa cheusi.

Hakuna aliyecheka. Wajumbe walizitazama kalamu zao. Mmoja alivuta kiti nyuma taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtu.

"Mmeona!" alisema Mheshimiwa Lukindo, akigeuka. "Imekufa yenyewe! Sikuigusa!" Ndipo akasikia alichokisema, na jasho likamtoka kwenye paji lote.

"Mtu wa Mwisho," alisema Bi. Pazi kwa sauti yake ya chini, akiandika. "Mheshimiwa Sudi Lukindo. Saa tisa na dakika moja."

"Rehani! Mtazameni fundi! Fundi ndiye..."

"Fundi alikuwa mezani, Mheshimiwa. Sheria uliyoitunga inamhusu aliye mbele."

Askari wakamshika mikono kwa heshima zote. Mmoja alimfungia kifungo cha koti kilichofunguka. Wakamtoa, na hotuba yake ikasikika ukumbini ikififia, kwanza kwa amri, halafu kwa maombi, mwisho kwa jina la mama yake.

*

Zamda aliketi. Aliogopa na alifurahi kwa pamoja, na furaha ndiyo iliyomwogopesha zaidi. Alidhani sasa mambo yamekwisha. Nani angeamini kwamba Msimamizi Mkuu ameua jicho la Taifa kwa hotuba? Sasa wangelazimika kuelewa. Sheria ingefutwa, waliochukuliwa wangerudi, na Bi. Saumu angempata mumewe.

Bi. Pazi aliwatoa wajumbe wote. Kisha akahamia kiti cha katikati. Aliagiza yale matofali mawili yaondolewe, akaketi.

"Mimi nakuamini, Bi. Zamda," alisema. "Maji, kutu, sisimizi, umeme. Nilikuamini tangu ile penseli yako ya pembeni. Mhuri ule ulikuwa wangu."

"Basi mnaweza kuwaachia."

"Subiri kwanza. Ulijua kwamba ile kamera itakufa leo?"

Zamda alianza kuziokota skrubu za 417 mezani.

"Nilikuona ukitazama saa," alisema Bi. Pazi. "Ulijua dakika yake. Lukindo, Mungu amsaidie, alidhani ulinzi ni kuona watu. Muda wote huu tumekuwa tukiokota yeyote aliyepita. Mbuzi! Mshona mazulia! Hivi hujiulizi tumepoteza nafasi ngapi?" Akafungua jalada jipya, jeupe, akalisogeza mbele ya Zamda. "Sitaki kamera za miaka kumi. Nimeagiza za miezi sita, na utepe ule ule. Ninachotaka ni mtu wa kuniandikia kila moja itakufa siku gani, saa ngapi. Na tukihitaji, atuambie jinsi ya kuiharakisha kidogo, au kuichelewesha. Basi. Watu tutawapanga wenyewe."

"Watu gani?"

"Wanaohusika."

"Na mdogo wangu?"

"Mdogo wako yuko nje, ananawa uso. Aende nyumbani. Cheti chake nitakiacha bila saini." Akatabasamu, na hilo lilikuwa tabasamu lake la kwanza kwa mwaka ule. "Nitakiweka kwenye droo yangu. Kitakaa bila saini siku zote, kadiri mimi na wewe tutakavyoelewana."

*

Hamdani alirudi nyumbani. Alilala siku mbili, akaamka, akala wali sahani tatu. Hakuuliza jinsi alivyotoka. Aliogopa jibu, na Zamda alishukuru kwamba anaogopa. Majirani walikuja kupongeza, wakasema fundi ameishinda serikali kwa bisibisi, na mmoja akamwomba amsomee mwanawe dua ya ujasiri.

Gazeti la wiki ile lilikuwa na habari njema. Msimamizi Mkuu mpya, Bi. Rehani Pazi, alitangaza kwamba tatizo la kamera kufa mapema limekwisha kabisa. Kuanzia sasa, alisema, hakuna kamera ya Taifa itakayokufa kabla ya siku yake. Wananchi wakapiga makofi. Na nawahakikishia wasomaji kwamba katika nchi ile, kwa miaka yote iliyofuata, ahadi hiyo haikuvunjwa hata mara moja.

Jumanne asubuhi jalada jeupe likamfikia Zamda mezani. Lilikuwa na picha ya kamera moja tu, mpya, iliyokuwa imetundikwa juzi kwenye geti la Makao Makuu. Ilikuwa na kioo kipana, chenye kuweza kuchukua sura arobaini kwa mara moja. Chini ya picha palikuwa na mistari miwili mitupu, mmoja wa siku na mmoja wa saa ya kufa.

Alikaa nayo mpaka adhuhuri. Angeweza kuandika Ijumaa. Ijumaa getini hapakuwa na mtu isipokuwa askari na paka. Kalamu iliandika herufi ya kwanza ya Ijumaa, na ile herufi ilikuwa nzuri, iliyonyooka. Kisha akakumbuka droo ya Bi. Pazi. Akamkumbuka Hamdani akilamba kijiko. Akaikata ile herufi kwa mstari mmoja, akaandika Alhamisi.

Na kwa kuwa alikuwa fundi anayemaliza kazi yake, kwenye mstari wa pili akaandika saa nne.